Kusoma Hadithi za William Wallace, Shujaa wa Waskoti



Katika maongezi ya leo twataka kusema juu ya namna moja ya vitabu ambayo wasomaji wengi huipenda, nayo ni hadithi zilizotungwa juu ya watu waliokuwako kweli zamani. Kitabu cha namna hii si historia tupu, wala si hadithi tupu. Mtungaji huchukua mtu aliyeishi na vita vilivyopiganwa, kisha huwatia watu maneno vinywani, huwapa wake na marafiki, na kila pengo lililoachwa na waandishi wa kale hulijaza kwa fikira zake mwenyewe. Faida yake ni kubwa, maana mambo ya kale hupata uhai mbele ya macho yetu. Hatari yake ni kubwa vilevile, maana msomaji akisha kufunga kitabu huenda asijue tena lipi lilitendeka na lipi lilitungwa.

Jambo hili si dogo. Mwanafunzi akiambiwa kwamba shujaa ampendaye hakutenda nusu ya mambo aliyoyasoma, aweza kufuata moja katika njia mbili. Aweza kuziba masikio na kuushika uongo kwa sababu ni mtamu. Au aweza kukasirika akasema kwamba yote ni uongo, hata yale ya kweli, akamtupa shujaa pamoja na hadithi yake. Njia zote mbili ni hasara. Basi tutafute njia ya tatu. Kwa mfano wetu tumemchagua William Wallace, shujaa wa Waskoti, kwa sababu amesimuliwa kwa muda wa zaidi ya miaka 500, na maandiko ya wakati wake mwenyewe, ijapokuwa ni machache, yangaliko. Kwa hiyo twaweza kuyaweka mambo mawili hayo pamoja na kuyatazama.

Kwanza tueleze kwa ufupi habari zenyewe. Uskoti ni nchi iliyo kaskazini ya Uingereza, na zamani ilikuwa na mfalme wake. Mwaka wa 1286 Mfalme Alexander III alikuwa akisafiri juu ya farasi katika usiku wa dhoruba, akaanguka karibu na Kinghorn akafa. Mrithi wake alikuwa mjukuu wake Margaret, mtoto mdogo aliyekuwa akikaa Norwei. Mtoto huyo naye alikufa mwaka wa 1290, kabla hajakaa katika kiti cha ufalme. Watu 13 wakatokea, kila mmoja akidai kuwa ufalme ni haki yake. Wakubwa wa Uskoti wakamwomba Edward I, mfalme wa Uingereza, awe mwamuzi. Akakubali, lakini kwanza akawataka wamkiri yeye kuwa bwana aliye juu ya nchi yao. Mwaka wa 1292 hukumu ikampa ufalme John Balliol, na tangu siku ile Edward akamtendea mfalme huyo kama mtumishi wake. Waskoti walipochoka na jambo hilo wakafanya mapatano na Ufaransa mwaka wa 1295. Mwaka uliofuata Edward alikuja na jeshi, akauteka mji wa Berwick na kuwaua watu wake wengi, akawashinda Waskoti huko Dunbar, akamvua Balliol ufalme wake. Hata jiwe ambalo wafalme wa Waskoti walitawazwa juu yake alilichukua akaliweka Westminster, karibu na London. Jiwe hilo lilirudishwa Uskoti mwaka wa 1996, baada ya miaka 700.

Hapo ndipo Wallace anapotokea. Hakuwa mwana wa mfalme wala mmoja wa wakubwa wenye majimbo. Mwezi wa Mei, mwaka wa 1297, alimwua William Heselrig, liwali wa Kiingereza katika mji wa Lanark. Wakati huo huo kijana mmoja wa jamaa kubwa, Andrew Moray, alikuwa amewainua watu wa kaskazini. Wawili hao wakaungana, na tarehe 11 Septemba 1297 wakapigana na jeshi la Uingereza mahali paitwapo Stirling Bridge, yaani Daraja la Stirling. Daraja lile lilikuwa la mti, jembamba sana, wapanda farasi wawili tu waliweza kupita sambamba. Waskoti walingoja mlimani. Walipoona sehemu ya adui imekwisha kuvuka, na sehemu iliyobaki ingali ng'ambo, walishuka wakaishika njia ya daraja. Waliovuka hawakuweza kurudi, na waliobaki hawakuweza kuwasaidia. Hugh de Cressingham, mtunza hazina wa Edward katika Uskoti, aliuawa hapo pamoja na watu wengi. Moray naye alijeruhiwa, na hakuishi sana baada ya hapo.

Wallace akafanywa Mlinzi wa Ufalme. Lakini tarehe 22 Julai 1298 Mfalme Edward mwenyewe alikuja, wakakutana Falkirk. Wallace aliwapanga watu wake katika duara kubwa, mikuki mirefu ikielekea nje kila upande kama miiba ya nungu. Farasi hawakuweza kupenya. Ndipo Edward akawaleta wapiga upinde, na mishale ikawaangukia watu waliosimama bila ya kuweza kukimbia wala kujikinga, hata duara zile zikapasuka. Wallace aliokoka, akauacha ulinzi wa ufalme, akaenda Ufaransa kutafuta msaada. Mwezi wa Agosti, mwaka wa 1305, alikamatwa karibu na mji wa Glasgow na watu wa Sir John Menteith, Mskoti aliyekuwa akimtumikia Edward. Tarehe 23 Agosti alihukumiwa Westminster na kuuawa siku ile ile kwa mateso mabaya. Mwaka uliofuata Robert Bruce akatawazwa kuwa mfalme wa Waskoti, na mwaka wa 1314 akawashinda Waingereza huko Bannockburn.

Hayo ndiyo yajulikanayo kwa hakika, na mtaona kwamba si mengi. Wallace aonekana katika maandiko ya watu kwa muda wa miaka minane tu. Utoto wake hatuuoni, wala hatuuoni uso wake. Ni kama mtu apitaye mbele ya mlango ulio wazi usiku, mwanga wa taa ukamwangaza, kisha akaingia tena gizani. Katika giza hilo ndimo watungaji walimoingia.

Wa kwanza katika walio mashuhuri alikuwa mshairi aliyeitwa Harry Kipofu. Takribani mwaka wa 1477, yaani zaidi ya miaka 170 baada ya kifo cha shujaa, alitunga utenzi mrefu wa mistari karibu 12,000 juu ya maisha ya Wallace. Nakala ya kale iliyobaki iliandikwa kwa mkono na John Ramsay mwaka wa 1488. Hesabu za nyumba ya Mfalme James IV zaonyesha kwamba Harry alipewa fedha mara kadha wa kadha kati ya mwaka wa 1490 na 1492. Alidai kuwa alifuata kitabu cha Kilatini kilichoandikwa na John Blair, kasisi wa Wallace, lakini kitabu hicho hakijaonekana mpaka leo.

Katika utenzi huo Wallace ni jitu. Awapiga adui kwa makumi, avaa nguo za kike ili kuwatoroka, na hata huko Uingereza malkia mwenyewe amjia kuomba amani. Watu wa pwani yetu, waliozoea kusikia utenzi wa Fumo Liyongo, hawatashangazwa na mambo haya. Wajua kwamba mshairi akimpenda shujaa humwongezea kimo, na wajua pia kwamba shujaa mkubwa hashindwi na adui wa mbele, bali husalitiwa na mtu wa karibu.

Maneno ya Harry yalipozeeka, hata watu wa kawaida wasiweze kuyafahamu vizuri, William Hamilton wa Gilbertfield aliutengeneza upya utenzi huo kwa lugha nyepesi mwaka wa 1722. Kitabu chake kiliingia katika nyumba za wakulima. Mmoja wa watoto waliokisoma habari hizo alikuwa Robert Burns, mwana wa mkulima, aliyezaliwa mwaka wa 1759 na baadaye kuwa mshairi mkuu wa Waskoti. Katika barua aliyoandika mwaka wa 1787 alieleza kwamba vitabu viwili vya kwanza alivyovisoma peke yake vilikuwa maisha ya Hannibal na habari za William Wallace, na kwamba habari za Wallace zilimtia mapenzi ya nchi yake ambayo aliamini yatakaa naye mpaka mwisho wa uhai wake. Tazameni nguvu ya kitabu kimoja katika mikono ya mtoto mmoja.

Sasa twafika kwenye riwaya. Mwaka wa 1810 ilitoka London riwaya ya vitabu vitano iitwayo The Scottish Chiefs, yaani Wakuu wa Uskoti. Mtungaji wake alikuwa mwanamke, Jane Porter. Inafaa tuseme kwamba bibi huyu hakuwa Mskoti. Alizaliwa Durham, mji wa Uingereza, mwaka wa 1776. Baba yake, aliyekuwa mganga wa jeshi, alipofariki, mama yake alihamia Edinburgh na watoto wake, na huko Jane alisikia habari za Wallace kwa watumishi na wazee. Alikumbuka hasa bibi kizee mmoja jirani aliyemsimulia mambo hayo kwa moyo, kana kwamba yalitendeka juzi. Basi Mwingereza aliandika sifa za mtu aliyepigana na Waingereza, na Waingereza wenyewe wakanunua kitabu chake kwa wingi. Kilitangulia kwa miaka minne Waverley, riwaya ya kwanza ya Sir Walter Scott, iliyotoka mwaka wa 1814, na ambayo watu wengi huihesabu kuwa mwanzo wa riwaya za historia.

Wallace wa Jane Porter si jitu la Harry. Ni bwana mpole, mcha Mungu, asiyependa damu, mwepesi wa kusamehe. Mke wake Marion auawa na Heselrig, na kwa ajili ya kifo hicho ainuka na kushika upanga. Mwanamke mwovu wa jamaa kubwa ampenda, naye akimkataa, upendo ule wageuka kuwa chuki. Mwanamke mwema, Helen, amfuata mpaka gerezani London. Maneno yao ni marefu sana, na msomaji wa siku hizi huenda akapiga miayo mara moja moja. Walakini anayekiendelea hukuta ndani yake jambo la thamani: mtu aliyepewa nafasi ya kujitwalia ufalme naye akakataa, kwa kuwa alipigana kwa ajili ya nchi na si kwa ajili ya nafsi yake. Kitabu hicho kilisomwa na watoto wa vizazi vingi katika Uskoti, Uingereza na Marekani. Mwaka wa 1921 kilipigwa chapa tena huko Marekani pamoja na picha nzuri za N. C. Wyeth.

Baada ya bibi huyo walikuja wengine. Sir Walter Scott, katika hadithi za historia alizoanza kumwandikia mjukuu wake mwaka wa 1827, alisimulia habari za Wallace kwa lugha safi na fupi, naye ndiye aliyeieneza ile hadithi ya Robert Bruce na buibui. G. A. Henty, Mwingereza aliyewahi kuwa mwandishi wa habari za vita, alitoa kitabu chake In Freedom's Cause mwaka wa 1885. Humo kijana wa kubuni, Archie Forbes, aliyenyang'anywa urithi wake, amfuata kwanza Wallace kisha Bruce. Njia hii ni ya werevu, maana kijana asomaye hujiona mwenyewe amesimama kando ya shujaa. Na Mskoti Nigel Tranter alitoa riwaya yake The Wallace mwaka wa 1975, akionyesha hasa jinsi mtu asiye na cheo kikubwa alivyopata taabu kuongoza wakubwa waliomwonea wivu.

Sasa na tuweke hadithi na hati pamoja, tuone zinapoachana.

La kwanza ni jina la baba. Harry asema baba yake Wallace alikuwa Sir Malcolm, bwana wa Elderslie, na wasimulizi wengi wakamfuata. Lakini tarehe 11 Oktoba 1297, mwezi mmoja kamili baada ya ushindi wa Stirling Bridge, Andrew Moray na William Wallace walipeleka barua kwa wafanya biashara wa miji ya Lübeck na Hamburg katika Ujerumani. Waliwaambia kwamba bandari za Uskoti ziko wazi tena, waje kuuza na kununua bila ya hofu. Katika barua iliyokwenda Lübeck upo muhuri wa nta, na wenye elimu walipousoma vizuri waliona umeandikwa kwamba mwenyewe ni William mwana wa Alan Wallace. Kipande kidogo cha nta kimeshinda mistari 12,000. Na barua yenyewe yatufundisha jambo ambalo riwaya nyingi huliacha, kwa kuwa halina panga wala farasi. Watu hao walipokwisha kushinda, mara moja walifikiri juu ya biashara, chakula na bandari. Kupigana ni kazi ya siku moja, na kulisha nchi ni kazi ya kila siku.

La pili ni mke. Hati za wakati ule zataja kuuawa kwa Heselrig, lakini hazimtaji mke wa Wallace wala kifo chake. Huenda alikuwako, huenda hakuwako. Riwaya hutaka sababu ya moyo, kwa hiyo humfanya kisasi cha mke kuwa chanzo cha vita. Hapa msomaji na awe macho. Watu wengi waliinuka mwaka ule katika pande nyingi za Uskoti, nao hawakuuawa wake zao wote na liwali mmoja. Waliinuka kwa ajili ya kodi, kwa ajili ya mabwana wageni, na kwa ajili ya kuvunjwa kwa sheria za nchi yao.

La tatu ni msaliti. Katika utenzi na riwaya John Menteith ni rafiki wa uongo, mtu mweusi wa moyo na mfano wa ubaya wote. Ni kweli kwamba Wallace alikamatwa na watu wake, na ni kweli kwamba alipewa ardhi kwa kazi hiyo. Lakini baadaye Menteith alikwenda upande wa Robert Bruce, na jina lake limo katika waraka mashuhuri wa mwaka wa 1320, ambao wakubwa wa Uskoti walimpelekea Papa kuitetea haki ya nchi yao. Katika riwaya mtu ni mwema au mwovu toka ukurasa wa kwanza hata wa mwisho. Katika dunia mtu yule yule aweza kuiuza nchi mwaka huu, na kuitetea baada ya miaka kumi na mitano.

La nne ni gumu kuliko yote. Baada ya Stirling Bridge Waskoti waliingia kaskazini ya Uingereza, wakachoma vijiji na kuteka ng'ombe. Walter wa Guisborough, Mwingereza aliyeandika habari za wakati huo, asimulia jinsi walivyofika kwenye nyumba ya watawa huko Hexham. Askari waliwatisha watawa wachache waliobaki wakitaka hazina. Wallace akaingia, akawataka wamsomee misa. Alipotoka kidogo ili kuweka silaha zake, askari wake walikiiba kikombe cha altare. Akaamuru watafutwe na kuuawa, lakini hawakupatikana. Kisha akawapa watawa hati ya kuwalinda. Je, huyu ni mtu mwema au mwovu? Ni mtu aliyependa haki, aliyekuwa mkuu wa jeshi ambalo hakuweza kulizuia. Mwanakijiji wa Northumberland, aliyechomewa ghala yake majira ya baridi yakianza, hakuwa amemdhulumu Mskoti yeyote. Riwaya nyingi humpita mtu huyo upesi. Sisi tusimpite.

Hata siku hizi mchezo huo waendelea. Sinema ya Braveheart ya mwaka wa 1995, iliyofuata kwa sehemu kubwa habari za Harry, ilionyesha vita vya Stirling bila ya daraja lenyewe, tena ikamfanya Isabella wa Ufaransa kuwa mpenzi wa Wallace. Isabella alikuwa mtoto wa miaka kama kumi Wallace alipouawa, naye hakufika Uingereza kuolewa mpaka mwaka wa 1308.

Basi, tuvitupe vitabu hivi? Hata kidogo. Tuangalie alama moja ambayo kila msomaji aweza kuijifunza, nayo ni hii: kila hadithi ya kale ina nyakati mbili ndani yake, wakati inaousimulia na wakati ilipoandikwa. Harry alitunga katika siku ambazo mfalme wake, James III, alitafuta urafiki na Uingereza, na wakubwa wengi hawakuridhika. Hasira iliyo katika utenzi ni hasira ya siku hizo. Jane Porter aliandika wakati Uingereza na Uskoti, zilizokuwa zimekwisha kuwa ufalme mmoja, zilipopigana pamoja na Napoleon, kwa hiyo Wallace wake ni shujaa ambaye hata Mwingereza aweza kumpenda. Henty aliwaandikia vijana wa dola kubwa, akataka wawe hodari na watiifu. Na Tranter aliandika wakati Waskoti walipokuwa wakijadiliana juu ya kujitawala katika mambo ya nyumbani kwao. Tarehe 11 Septemba 1997, siku ile ile iliyotimiza miaka 700 tangu Stirling Bridge, Waskoti walipiga kura wakakubali kuwa na Bunge lao, nalo likaanza kazi mwaka wa 1999. Hapana upanga uliochomolewa siku ile. Msomaji ajuaye alama hii husoma kitabu kimoja akapata historia mbili.

Tena iko kweli ambayo hati peke yake hazitupi. Hati husema kwamba wapiga upinde walileta ushindi Falkirk. Haisemi mtu alisikia nini moyoni aliposimama katika duara, bega kwa bega na jirani yake, akijua kwamba akikimbia ataacha pengo litakalomwua mwenzake. Mtungaji mwema hutupeleka pale. Na mara nyingine hadithi huhifadhi moyo wa jambo hata ikikosea mwili wake. Kwa mfano, Wallace alipoitwa mhaini mbele ya waamuzi, alijibu kwamba hakupata kuwa mhaini wa mfalme wa Uingereza, kwa sababu hakupata kuwa raia wake. Jibu hili halikutungwa na Harry wala na Jane Porter. Lakini kama si watungaji hao waliomfanya apendwe, ni watu wangapi wangalijali kulitafuta?

Basi twawapa wasikilizaji wetu, na hasa wanafunzi, mashauri manne. Kwanza, usisome riwaya ya historia bila ya kuwa na kitabu cha historia, hata kiwe kidogo, karibu nawe. Pili, tazama mwaka kilipoandikwa na nani aliyekiandika, kisha jiulize alitaka nini kwa msomaji wake. Tatu, uwe na daftari lenye safu mbili. Katika ya kwanza andika yaliyothibitishwa, na katika ya pili andika yaliyosimuliwa. Usione haya kama safu ya pili ni ndefu. Nne, kila shujaa akishinda, uliza ni nani aliyelipa gharama ya ushindi huo, na kama jina lake limeandikwa.

Mashauri haya yafaa pia kwa habari tunazozipata kwa wazee wetu. Tuzipokee kwa adabu, tuziandike kama zilivyosemwa, tuulize zilitoka kwa nani, na tusichanganye kilichoonekana kwa macho na kilichosikiwa.

Karibu na Stirling, juu ya mlima uitwao Abbey Craig, upo mnara mrefu wa mawe uliojengwa kwa heshima ya Wallace na kufunguliwa mwaka wa 1869. Apandaye ngazi zake 246 huona chini mto ukipinda katika uwanda, na mahali vilipokuwa vita vya darajani. Mnara huo ulijengwa kwa fedha za watu walioongozwa na hadithi, na mahali panapoonekana kutoka juu yake ni pa kweli. Twapenda wasomaji wetu wafanye vivyo hivyo: hadithi iwe ngazi ya kuwapandisha, na wakifika juu wafumbue macho waitazame nchi kama ilivyo.